Themostati na Kiti cha Mbele

Jambo la kwanza ambalo sikulielewa kuhusu gari la baba ni kwamba lilikuwa linachemsha likienda polepole. Akili yangu ilikataa kabisa. Anayetoka jasho ni mtu anayekimbia, na anayehema ni ng'ombe aliyefukuzwa. Gari letu lilikuwa kinyume. Kwenye barabara ya Maswa, limejaa magunia ya pamba na baba amekanyaga mafuta, mshale wa geji ulitulia kama mtu aliyeshiba. Likiingia sokoni Bariadi, pale pa kupishana na mikokoteni na mbuzi, mvuke unaanza kutoka chini ya boneti na watu wanasogea kutazama.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, wakati kila kitu kiliruhusiwa na hakuna aliyejua tena kipi ni cha nani. Simiyu haikuwa mkoa bado, tulikuwa tunahesabiwa Shinyanga. Tangu nilipopata akili, pamba ya kwetu ilinunuliwa na ushirika, na baba alikuwa dereva wa ushirika. Kisha wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, ushirika ukayumba, ukaanza kupunguza watu, na baba akapunguzwa. Kiinua mgongo hakikuwepo. Magari ndiyo yaliyokuwepo, yamelala nyuma ya ghala, mengine yameota majani kwenye magurudumu. Wakamwambia achukue pikapu ile ile aliyokuwa akiiendesha. Akaja nayo nyumbani, akaisimamisha mbele ya nyumba, akakaa ndani muda mrefu bila kushuka. Sikujua kama ana furaha au huzuni. Nadhani hata yeye hakujua.

Baba alikuwa dereva wa aina ambayo siku hizi imekwisha. Gari la ushirika lilikuwa la ushirika. Kwenye mlango wa kushoto, wa abiria, yaliandikwa maneno kwa rangi nyeupe: ABIRIA HAWARUHUSIWI. Madereva wenzake walibeba wake zao, shemeji zao, na kuku wa shemeji zao. Baba hakubeba mtu. Mama alikuwa anarudi shambani na mzigo wa kuni kichwani, jua limesimama, baba anapita na gari tupu, anapiga honi kidogo kwa heshima, anaendelea. Mama anasogea pembeni ili vumbi lipite. Sisi watoto tuliona ni jambo la kujivunia, tukawa tunapunga mikono.

Mama hakuwa analalamika. Namkumbuka mara moja tu, tukitoka kanisani, mwanamke mmoja akamtania, akimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma: "Mayu, mume ana gari na wewe unatembea?" Mama akajibu, "Gari si la mume. Siku likiwa la mume, utaniona." Wakacheka. Nami nikasikia, nikasahau.

Basi gari likawa la mume. Kesho yake asubuhi baba aliliosha, akapaka rangi ya kijani juu ya jina la ushirika. Rangi ikaisha kabla hajayafikia yale maneno ya abiria, akayaacha. Siku hiyo mama alivaa kitenge kipya na viatu. Nilimwona, nikadhani anakwenda kanisani, ingawa haikuwa Jumapili. Chai haijaisha, akaingia uani mtu mwenye mkoba, wakala wa mnunuzi binafsi, anatafuta usafiri wa kwenda kukusanya pamba Ipililo. Wakaelewana na baba pale pale. Wakala akafungua mlango wa kushoto, akaketi, mkoba magotini, gari likaondoka. Mama alibaki amesimama uani. Kisha akaingia ndani, akavua viatu.

Siku hazikupita nyingi mama akaenda Tabora kwa kaka yake. Alisema kaka yake anaumwa, na sote tulijua kwamba haumwi. Kabla ya kuondoka alimwambia baba, mbele yangu na mbele ya bibi yangu mzaa baba, "Wamekupa bati lililochoka. Na wewe umechoka. Mtapatana." Kwa hiyo nikaelewa kama kila mtu alivyoelewa, kwamba mama ameondoka kwa sababu ya ubovu wa gari. Baba ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na mke hataki kula nyama yake. Nilimkasirikia sana mama yangu. Nilijiuliza, mtu anaachaje nyumba yake kwa sababu ya rejeta?

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na niko nyumbani, nikisubiri nisichokijua. Mtu wa namna hiyo hupewa kazi yoyote inayopita, nami nikapewa dumu la maji. Nilikaa nyuma, juu ya magunia, au mbele kama hakuna mteja, na gari likichemsha nilishuka na dumu. Nilijifunza kufungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa kilicholowa, uso pembeni. Nilijifunza pia kuvumilia watu wanaokuja kusimama karibu na gari lililochemka na kusema, "Limechemsha."

Na kila mtu alikuwa na sababu yake. Kuna aliyesema ni mkanda wa feni, mwingine akasema ni maji ya Bukundi. Hilo la pili lilikuwa na ukweli, maana visima vya kule vina chumvi na baba alikuwa amelinywesha gari maji hayo kwa miaka, mpaka ndani ya rejeta pakaota ukoko mweupe. Bibi alisema gari halijatambulishwa kwa wazee waliotangulia. Limeingia katika mji wa watu kimya kimya kama mwizi, litaachaje kupandisha hasira? Alitaka limwagiwe maji ya unga. Baba alikuwa mtu wa kanisa, akaenda kutafuta spana.

Lakini kabla ya yote kulikuwa na uvujaji, na uvujaji unaonekana kwa macho, kwa hiyo tulianza nao. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka, baba akaufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Ukaacha kuvuja. Siku hiyo hiyo ukaanza kuvuja mpira wa chini. Akaufunga nao. Rejeta yenyewe ikatoa machozi kwenye kona. Nilikuwa nimefundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hapa tuliziba ufa na ufa ukahama. Nilimuuliza baba, kwa nini kila tukiziba pale yanatokea hapa? Akasema, "Mayu, maji yakipata moto yanatafuta pa kutokea." Aliniita mayu kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Jibu lake lilikuwa sahihi na halikunisaidia chochote.

Ndipo akaletwa fundi. Alikuwa fundi wa gereji ya ushirika zamani, naye amepunguzwa, sasa anafanyia kazi chini ya ukuta wa ghala lile lile alilokuwa akifanyia kazi ndani yake. Alikuwa mtu wa maneno mengi na hakuwahi kusema "sijui" kwa muda wote niliomfahamu. Akaitazama ile kona ya rejeta, akasema dawa yake ni unga na yai. Unakoroga unga wa mahindi na ute wa yai, unamimina ndani, injini inaunguruma, mchanganyiko unatafuta tundu na kuiva humo humo. Madereva wote wamewahi kufanya hivyo wakiwa porini.

Nilienda jikoni kukoroga. Nilipotoka na bakuli, baba akalipokea na kumimina taratibu kwenye mdomo wa rejeta, na bibi, aliyekuwa ameketi mlangoni, akasimama. Aliona maji meupe ya unga yanamiminwa kichwani mwa gari na mwanawe mwenyewe, mtu wa kanisa. Akapiga vigelegele. "Wabeja, mwanangu," akashukuru. "Wabeja sana. Sasa wazee wamesikia." Baba alinitazama, mimi nikatazama chini. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Tena kilichonitatiza zaidi ni kwamba gari lilikwenda kwa wiki nzima bila kuvuja, na sikujua nimshukuru nani kati ya wazee na yai.

Baada ya hapo likachemsha vibaya kuliko mwanzo.

Wakati huo ndipo salamu za mama zilipofika. Alizileta yule yule mwanamke wa kanisani aliyekuwa ametoka Tabora kumsalimia mwanawe. Alikaa, akanywa maji, akamwambia baba kwa upole wa mtu anayebeba maneno yasiyo yake: "Mayu anasema atapanda treni wiki ijayo, atashuka asubuhi Malampaka. Anasema umfuate na gari. Ukimfuata bila gari, hatashuka, ataendelea mpaka Mwanza kwa mdogo wake."

"Gari lipi?" baba akauliza, kana kwamba tuna mengi.

"Gari lako," akasema. "Alisema hivyo. Gari lako."

Mwanza ndiyo mwisho wa reli. Tulijua kwamba mama akifika Mwanza hatarudi, mdogo wake alikuwa na duka na alikuwa anamwita siku nyingi. Baba alitoka nje akaenda kusimama karibu na gari. Nami nilichanganyikiwa kabisa. Kama aliondoka kwa kulidharau gari, kwa nini sasa hataki kurudi bila hilo hilo gari? Bibi alisema ni mtihani: mwanamke anataka kuona kama mume amelitengeneza. Maelezo hayo yalinitosha, nikayashika.

Kuanzia siku hiyo baba hakubeba pamba ya mtu. Aliegesha gari chini ya ule ukuta wa ghala, na yeye na fundi wakaanza upya, nami nikiwapa spana. Walishusha rejeta. Walipoipindua na kuisukutua, yalitoka mabonge ya ugali uliokwisha chacha, mengi kuliko unga niliokoroga. Fundi akasema ni kawaida. Akaziba ile kona kwa risasi iliyoyeyushwa, vizuri, kama mtu anayeziba jino. Baba akanunua mipira mipya, wa juu na wa chini, na klipu za chuma, kwa sababu maduka sasa yalikuwa na kila kitu. Wakati wa ushirika ungeweza kusubiri mpira wa rejeta mpaka ukasahau uliuagiza kwa ajili ya gari gani. Sasa mipira ilining'inia madukani kama samaki, na shida ikawa ni kujua upi ni mpira.

Tukajaza maji ya mvua yaliyokuwa kwenye pipa. Baba akaapa kwamba ya Bukundi hayataingia tena. Hakukuwa na tone lililoanguka popote. Akawasha, akaenda barabarani, akarudi, mshale umetulia. Akaingia sokoni taratibu. Mshale ukaanza kupanda, ukapanda, mvuke ukatoka.

Sikuwahi kumwona baba amekaa chini barabarani kabla ya siku hiyo. Alikaa kwenye jiwe kando ya wauza nyanya, mikono kichwani. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Nilifungua boneti mwenyewe, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaanza kufuta tope kwenye rejeta kwa kitambaa, juu kwanza, kisha chini. Nikasimama. Nikaweka kiganja.

"Baba," nikasema, "mbona hii ni ya baridi?"

"Ipi?"

"Rejeta. Injini inachemka, lakini rejeta huku chini ni baridi."

Sikujua nimesema nini. Niliona tu kitu kisichoeleweka kati ya vitu vingi visivyoeleweka. Baba akainuka, akaweka mkono, akaniangalia. Akatuma mtu akamwite fundi, naye akaja anafuta mikono, akashika hapa, akashika pale, na kwa mara ya kwanza akakaa kimya.

"Maji hayapiti kwenye rejeta," akasema mwishowe. "Yanapita wapi sasa?"

Alifungua ile nyumba ndogo ya chuma inayokaa pale mpira unapoingia kwenye injini, akachungulia. Ndani palikuwa patupu. Akaendelea kuchungulia kana kwamba kitu kitatokea.

"Hapa kulikuwa na themostati," akasema.

"Ilikwenda wapi?" nikauliza.

"Niliitoa."

Aliitoa miaka mingi nyuma, kwenye gari hili na kwenye magari yote ya ushirika. Mafundi wote walizitoa. Ilikuwa kama kanuni ya kazi: gari jipya likifika, kitu cha kwanza unaitoa themostati na kuitupa, kwa sababu kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Sasa nchi ya joto kama hii ina haja gani na kitu cha kuzuia ubaridi? Hiyo ni dawa ya Wazungu na theluji yao. Hata mimi niliona ni akili. Baba naye aliona hivyo, kwani alikuwepo siku inatolewa, na aliichukua hiyo themostati akampa mama, ambaye aliitumia kugandamiza kifuniko cha mtungi mpaka ikapotea.

Fundi akachora kwenye vumbi kwa kidole. Themostati ya gari kama letu, akasema, ina visahani viwili. Kimoja kinafungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Kile kingine, wakati huo huo, kinaziba njia fupi ya kurudi ndani ya injini. "Mimi nilitoa vyote viwili. Kwa hiyo njia zote ziko wazi. Na maji ni kama watu, yanapita njia ya mkato. Yanazunguka humo humo ndani na moto wao."

"Lakini wakati wa ushirika halikuwa linachemsha," nikasema.

Baba akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu mama aondoke. "Lilikuwa linachemsha, mayu. Ila maji yalikuwa ya ushirika, na muda ulikuwa wa ushirika. Tulikuwa tunakaa kivulini mpaka lipoe."

Nilijaribu kulielewa jambo hilo usiku ule na sikuliweza vizuri. Kitu cha kuzuia kimeondolewa ili maji yawe huru, na maji yamekuwa huru, na gari linaungua. Nilipolala bado nilikuwa nalizungusha kichwani.

Tukaenda kununua. Muuza spea alikuwa na themostati za maboksi ya kila rangi. Akatupa moja akisema hiyo ndiyo ya orijino. Fundi alisema ijaribiwe kwanza: inatumbukizwa kwenye maji ya moto, ikiwa nzima itafunguka. Tuliichemsha nyumbani kwenye sufuria ya mama, imening'inizwa kwa uzi. Maji yalitokota. Themostati ikaning'inia imefumba, haina habari. Bibi akauliza inaiva lini.

Kesho yake baba akaniambia nibebe jiko la mkaa na sufuria. Tukaenda mpaka barazani kwa muuza spea, baba akaweka jiko chini, akawasha, akaniomba nimimine maji. Muuza spea akatoka. "Mzee, vipi tena, mnanipikia dukani?"

"Ni soko huria," baba akasema kwa utaratibu. "Wanunuzi wa pamba wanakuja na mizani zao. Na mimi nimekuja na sufuria yangu."

Watu wakajaa. Muuza spea alikuwa mtu wa biashara, hakuweza kukataa mbele ya macho yale, akatoa maboksi. Tuliyachemsha moja baada ya jingine. Zilikuwepo zilizobaki zimefumba. Ilikuwepo iliyofunguka na kugoma kufunga. Kisha tukatumbukiza moja iliyokuwa kwenye boksi lililochakaa, halina hata picha, na maji yalipokaribia kuchemka ikaanza kuachama, taratibu, kama kifaranga anayefungua mdomo. Tulipoitoa, ikapoa na kufumba. Tukairudisha, ikaachama tena. Watu wakaguna. Baba aliishika ikiwa bado na joto, akaifunga kwenye leso.

Fundi aliifunga siku hiyo hiyo. Gasketi aliikata kwenye boksi la sabuni, akaipaka gamu. Baba alipotaka kulijaribu gari sokoni, fundi akamwambia aache, gamu ikauke kwanza, na mama anakuja kesho. Kwa hiyo tuliondoka Bariadi alfajiri bila kujua kama limepona. Kwenye barabara ya wazi halikuwa na shida, lakini kwenye barabara ya wazi halikuwahi kuwa na shida. Mimi nilikaa mbele, dumu la maji katikati ya miguu, macho kwenye geji. Tukapita Maswa.

"Nikikuta ameshapita?" akaniuliza.

"Treni haijawahi kuwahi," nikamjibu, na huo ndio ulikuwa msaada wangu.

Haikuwahi kweli. Tulisubiri pale stesheni ya Malampaka, tukinunua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa wanawake waliotandaza kanga, jua likipanda. Baba alilala chini ya gari kutazama mipira. Akatoka, akapangusa vumbi kwenye kiti cha mbele ambacho mimi nilikuwa nimekaa, nikalazimika kunyanyuka. Akakipangusa tena baadaye. Nilidhani ni wasiwasi tu.

Treni ilipoingia, mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa behewa, kifurushi mkononi, amevaa kile kitenge kipya na vile viatu. Aliona gari. Baba alilisogeza karibu kabisa, boneti inang'aa. Mama hakushuka. Alisimama kwenye ngazi, anatazama.

Kutoka behewa la mbele akashuka mtu mwenye mkoba. Hakuwa yule wakala wa kwanza, lakini walifanana kama maharage: suruali ya kunyooshwa, peni mfukoni, haraka. Akaona pikapu, akaja moja kwa moja. "Mzee, Bariadi? Nina shughuli ya pamba kule, tutaelewana." Na kama mtu aliyezoea, akashika kitasa cha mlango wa kushoto. Mimi, kama mtu niliyezoea, nikachukua dumu langu na kuteremka ili nimpishe.

Nikainua macho nikamwona mama. Hakuwa anatazama injini wala magurudumu. Alikuwa anatazama mkono wa yule mtu kwenye kitasa. Ndipo nikaisikia tena ile sauti tukitoka kanisani, siku likiwa la mume, utaniona. Nikataka kumwambia baba. Filimbi ikalia.

"Kiti hicho kina mwenyewe," baba akasema.

"Samahani?"

"Kina mwenyewe. Nyuma kuna nafasi, kaa na binti yangu."

Yule bwana alitazama huku na huku. Hapakuwa na gari jingine. Akapanda nyuma na mkoba wake, nami nikapanda na dumu langu, tukaketi juu ya tairi la akiba tukitazamana. Treni ilikuwa imeanza kusogea mama aliposhuka. Alikuja taratibu. Baba alizunguka akamfungulia mlango, ule wenye maneno meupe, mama akaketi na kukunja kitenge chake magotini.

"Mwangaluka," akamwambia baba.

"Mwangaluka," baba akajibu. Wameoana miaka yote ile, na walisalimiana kama watu waliokutana kisimani.

Sikusikia wanachozungumza njiani, upepo ulikuwa mwingi na yule bwana alikuwa analalamika kuhusu vumbi. Niliweza kuona tu visogo vyao kupitia kioo, vimetulia. Sijui mpaka leo kama baba alikuwa amejua siku nyingi, au alijua pale pale kwenye kitasa, au alikataa tu kwa sababu kiti alikuwa amekwisha kukipangusa kwa ajili ya mkewe. Nilimuuliza miaka mingi baadaye, akasema, "Gari lilikuwa limepona, mayu," na kwake hilo lilikuwa jibu.

Tulipokaribia Bariadi kuna njia ya kuzunguka nyuma ya mji inayofika kwetu bila kupita sokoni. Baba alionyesha kukata kona kuiingia. Nikamwona mama ameinua mkono, anaonyesha mbele. Baba akapunguza mwendo, akasema kitu. Mama akaonyesha mbele tena. Dirisha lilikuwa wazi, na safari hii nilimsikia.

"Pita sokoni. Pita polepole."

Sijui kama alijua. Hakuwepo gari lilipokuwa likichemsha pale kila siku, labda alisikia, labda hakusikia. Mimi nilishika kifuniko cha dumu, tayari. Baba akaingia sokoni kwa gia ya kwanza. Mkokoteni ukatuzuia, akasubiri. Mbuzi wakapita. Wauza nyanya wakainua vichwa, mmoja akapiga kelele kumwita mwenzake. Mama alikuwa ameweka mkono wake dirishani, umening'inia nje juu ya ule mlango, na alikuwa anaitikia salamu za kila mtu, mmoja mmoja, bila haraka. Kupitia kioo niliuona mshale ukipanda. Ukafika pale ulipokuwa unafika. Mguu wa baba ulitaka kukanyaga mafuta ili tukimbie, niliona bega lake likikaza. Mama akageuza shingo akamtazama.

"Taratibu," akasema.

Baba akaenda taratibu. Mshale ukasimama, ukatetemeka, ukaanza kushuka. Yule mwanamke wa kanisani alikuwa amesimama mbele ya duka la spea na kikapu chake. Mama alimwambia baba asimame kabisa, akamsalimia kutokea kitini, akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, mpaka zikaisha. Dumu nilifika nalo nyumbani limejaa.